Fahamu Safari ya Kinywe cha Ruangwa na Nachingwea Kutoka Mwambani Hadi Kwenye Betri

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wakazi wa wilaya za Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, wakiwemo wale wa kata ya Nambambo, wamekuwa wakisikia kuwa ukanda wao umejaliwa madini ya kinywe yanayohitajika katika betri za simu, pikipiki na magari ya umeme. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika. Kinywe kinachotoka mgodini hakiwezi kuingizwa kwenye betri kama kilivyo. Hupitia hatua kadhaa za kiwandani, na kila hatua huongeza thamani ya tani ileile mara kadhaa. Swali kubwa kwa Taifa, kwa halmashauri na kwa mwananchi mwenye shamba lake jirani na mgodi ni hatua ngapi kati ya hizo zitafanyika nchini.

Makala haya yanaeleza kinywe ni nini, kinafanya kazi gani ndani ya betri, kwa nini wataalamu duniani wanakichanganya na silikoni katika anodi zenye matabaka, na sheria za nchi zinampa mwananchi haki zipi wakati utajiri huo unapochimbwa.

Kinywe ni nini na kwa nini kinapatikana Lindi

Kinywe, ambacho pia huitwa grafaiti, ni kaboni. Ni ndugu wa almasi na wa makaa ya mawe, isipokuwa atomi zake zimepangwa kwa namna ya pekee. Ndani ya kinywe, atomi za kaboni zimeungana na kuunda karatasi nyembamba mno, na karatasi hizo zimelaliana moja juu ya nyingine mithili ya kurasa za daftari. Ndani ya karatasi moja atomi zimeshikana kwa nguvu kubwa, lakini kati ya karatasi na karatasi mshiko ni hafifu. Ndiyo sababu penseli huacha alama: mkono unapoisukuma, kurasa za kinywe huteleza na kubaki juu ya karatasi. Utelezi huohuo hukifanya kinywe kifae kulainishia mashine, na uwezo wake wa kupitisha umeme na kuhimili joto kali hukifanya kihitajike kwenye tanuri za kuyeyushia chuma.

Miamba ya Ruangwa na Nachingwea ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, mfumo mkubwa wa miamba ya kale unaopita mashariki mwa Afrika. Mamilioni ya miaka iliyopita, tope lenye mabaki ya viumbe hai lilitanda katika eneo hilo. Baadaye mabara yaligongana, tope hilo likazama chini na kubanwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, na kaboni iliyokuwemo ikajipanga upya kuwa magamba ya kinywe yanayong'aa ndani ya jiwe. Ukanda huohuo ndio uliobeba kinywe cha Mahenge mkoani Morogoro, cha Merelani mkoani Manyara, na cha Balama katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Wilayani Ruangwa kuna miradi inayofahamika kwa majina ya Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo. Huu wa mwisho ulisanifiwa kuzalisha tani 40,000 za kinywe kilichochenjuliwa kwa mwaka. Wilayani Nachingwea, kilima cha Ntaka kinajulikana kwa madini ya nikeli. Kwa hiyo wilaya mbili jirani zimebeba madini yanayotumika katika pande zote mbili za betri: nikeli kwa upande chanya, kinywe kwa upande hasi.

Kinywe kinavyofanya kazi ndani ya betri

Betri ya lithiamu ina sehemu kuu nne. Upande hasi huitwa anodi, na upande chanya huitwa kathodi. Katikati kuna kimiminika kinachoitwa elektrolaiti pamoja na utando mwembamba unaozuia pande hizo mbili zisigusane. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme, ziitwazo ayoni, huondoka kwenye kathodi, huogelea katika elektrolaiti na kujipenyeza kwenye anodi. Betri inapotumika, ayoni hizo hurudi zilikotoka, na elektroni zinazopita kwenye waya wa nje ndizo zinazowasha taa ya simu au kuzungusha mota ya pikipiki.

Anodi, basi, ni ghala la lithiamu, na umbo la kinywe linalifaa sana ghala hilo. Ayoni za lithiamu huingia katika nafasi iliyopo kati ya karatasi moja ya kaboni na nyingine, kama mtu anavyochomeka noti katikati ya kurasa za kitabu. Ghala likijaa, kila atomi sita za kaboni huwa zimebeba atomi moja ya lithiamu. Karatasi za kinywe husogea kidogo kupisha mgeni, ujazo wake ukiongezeka kwa takribani asilimia 10, kisha hurudi mahali pake lithiamu inapotoka. Kwa sababu mtanuko huo ni mdogo, kinywe kinaweza kujazwa na kutolewa lithiamu mamia hata maelfu ya mara bila kuvunjika.

Ugunduzi huo haukuja kwa siku moja. Betri za awali zilizotumia lithiamu ya metali kama anodi zilikuwa hatari, kwa kuwa lithiamu ilijijenga mfano wa miiba, ikatoboa utando wa katikati na kusababisha moto. Mwaka 1980, Rachid Yazami, mwanasayansi mzaliwa wa Morocco aliyekuwa akifanya utafiti nchini Ufaransa, alionesha kuwa lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye kinywe. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa Japani aliunda betri iliyotumia kaboni kwenye anodi badala ya metali ya lithiamu, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ayoni kwa umma. Mwaka 2019, Yoshino, John Goodenough na Stanley Whittingham walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mchango wao katika teknolojia hiyo.

Leo kinywe ndicho kitu kikuu katika anodi za betri nyingi za lithiamu zinazouzwa duniani. Gari moja la umeme la wastani hubeba zaidi ya kilo 50 za kinywe, kiasi kinachozidi kwa mbali uzito wa lithiamu yenyewe iliyolipa jina betri hilo. Katika taarifa yake ya mwaka 2020, Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mahitaji ya kinywe kwa ajili ya teknolojia za nishati safi yanaweza kuongezeka kwa karibu asilimia 500 ifikapo mwaka 2050.

Hatua kati ya mgodi na anodi

Mkulima wa korosho wa Nachingwea ataielewa safari ya kinywe kwa urahisi. Korosho ghafi huvunwa, hukaushwa, hupelekwa katika ghala la chama cha msingi na kuuzwa kwa mnada kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachounganisha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa zikiwa na maganda yake, na kazi ya kuzibangua, kuzimenya, kuzipanga madaraja na kuzifungasha hufanyika ng'ambo. Anayebangua ndiye anayepata faida ya kubangua. Kinywe nacho kina ubanguaji wake, wenye hatua tano.

Hatua ya kwanza ni uchenjuaji. Mwamba husagwa, kisha unga wake huchanganywa na maji na dawa na kupulizwa hewa. Magamba ya kinywe, ambayo hayapendi maji, hushikamana na mapovu na kuelea juu, na mchanga huzama. Kinachopatikana baada ya kukaushwa na kuchekechwa ni kinywe chenye kaboni ya takribani asilimia 95. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo migodi mingi huiuza.

Hatua ya pili ni kukiviringisha. Magamba bapa hayafai kupangwa vizuri katika anodi, kwa kuwa hulala upande mmoja na kuizuia lithiamu kupenya haraka. Mashine huyasaga na kuyakunja hadi yawe punje za mviringo zenye kipenyo cha takribani maikroni 10 hadi 25, ambazo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Katika hatua hii karibu nusu ya kinywe hubaki kama mabaki laini, ambayo nayo huuzwa kwa matumizi mengine, yakiwemo breki za magari na viwanda vya chuma.

Hatua ya tatu ni usafishaji hadi kufikia kaboni ya asilimia 99.95. Uchafu mdogo wa chuma au silika unatosha kuharibu betri. Njia iliyozoeleka hutumia asidi ya hidrofloriki, kemikali yenye sumu kali inayohitaji ulinzi mkubwa kwa wafanyakazi na kwa vyanzo vya maji. Njia nyingine hutumia joto linalozidi nyuzi 2,500 za Sentigredi, ambalo linahitaji umeme mwingi na wa uhakika.

Hatua ya nne ni kuzipaka punje hizo tabaka jembamba la kaboni. Punje huchanganywa na lami maalumu, kisha huchomwa katika tanuri lisilo na hewa hadi lami igeuke kaboni na kuifunika punje kama ganda. Tabaka hili lina kazi muhimu. Betri inapochajiwa mara ya kwanza, sehemu ya lithiamu hutumika kujenga utando juu ya anodi, na lithiamu hiyo hairudi tena kufanya kazi. Punje iliyopakwa vizuri hupoteza lithiamu kidogo, na kurasa zake hazibanduki.

Hatua ya tano ni kutengeneza anodi yenyewe. Punje huchanganywa na gundi na maji hadi ziwe uji mzito, uji huo hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba, hukaushwa na kushindiliwa. Hapo ndipo kinywe kinakuwa tayari kwa betri.

Kwa sasa hatua ya pili hadi ya nne hufanyika kwa wingi nchini China, ambayo huzalisha zaidi ya asilimia 90 ya malighafi za anodi duniani. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2023, nchi hiyo iliweka utaratibu wa vibali kwa usafirishaji nje wa baadhi ya bidhaa za kinywe. Tangu hapo, watengenezaji wa betri wa Marekani, Ulaya, Japani na Korea Kusini wamezidi kutafuta vyanzo vingine. Kinywe cha Balama, Msumbiji, tayari hupelekwa katika kiwanda cha anodi kilichopo Vidalia, jimbo la Louisiana nchini Marekani. Mfano huo una pande mbili: unaonesha kuwa kinywe cha ukanda huu kinakubalika katika betri, na unaonesha pia kuwa mwamba unaweza kuwa Afrika na kiwanda kikawa kwingine.

Silikoni na anodi zenye matabaka

Kinywe kina ukomo wake. Gramu moja ya kinywe haiwezi kuhifadhi zaidi ya miliampia-saa 372 za umeme, na viwanda vimeshaukaribia ukomo huo. Anayetaka gari liende mbali zaidi kwa chaji moja, au simu ikae siku mbili bila kuchajiwa, hana budi kutafuta kitu cha kukisaidia kinywe.

Kitu hicho ni silikoni, elementi inayopatikana kwa wingi kwenye mchanga. Gramu moja ya silikoni inaweza kubeba takribani miliampia-saa 3,600, karibu mara kumi ya kinywe. Tatizo ni kwamba silikoni inapopokea lithiamu huumuka kama unga uliotiwa hamira, ujazo wake ukafika takribani mara nne ya ule wa awali. Lithiamu ikitoka, silikoni hunywea. Baada ya kuumuka na kunywea mara nyingi, punje hupasuka, huachana na karatasi ya shaba, na kila ufa mpya hujenga utando mpya unaomeza lithiamu zaidi. Betri ya silikoni tupu isiyo na kinga hufa mapema.

Suluhisho ambalo watafiti na viwanda wamelifanyia kazi ni kuviunganisha vitu hivyo viwili katika matabaka, silikoni ilete uwezo na kinywe kilete uimara. Zipo namna tatu zinazojulikana zaidi.

Namna ya kwanza ni kuifunika kila punje ya silikoni kwa ganda la kaboni, pengine kukiachwa nafasi tupu kati ya punje na ganda. Silikoni ikiumuka hujaza nafasi hiyo bila kulipasua ganda. Namna ya pili ni kuilaza silikoni katikati ya karatasi za kinywe. Karatasi hizo hunyumbuka, huendelea kupitisha umeme, na hubaki zimeishikilia silikoni hata ikipata nyufa. Namna ya tatu ni kuipaka karatasi ya shaba tabaka mbili au zaidi zenye michanganyiko tofauti: la chini huwekewa gundi zaidi ili lishike vizuri, na la juu huachiwa vinyweleo zaidi ili lithiamu ipenye haraka wakati wa kuchaji.

Hesabu ndogo inaonesha faida yake. Anodi yenye asilimia 90 ya kinywe na asilimia 10 ya silikoni, kwa hesabu ya nadharia, inaweza kubeba karibu miliampia-saa 690 kwa gramu, ikikaribia mara mbili ya kinywe peke yake. Hiyo haina maana kwamba betri nzima itadumu mara mbili, kwa kuwa kathodi nayo ina ukomo wake. Hata hivyo, anodi inakuwa nyembamba na nyepesi, na nafasi inayookolewa hutumika kuongeza uwezo. Baadhi ya betri zilizopo sokoni, zikiwemo za magari, tayari zina kiasi kidogo cha silikoni au oksidi yake ndani ya kinywe.

Kwa wananchi wa Ruangwa na Nachingwea, jambo la kuzingatia ni hili: katika hesabu hiyo kinywe bado ni sehemu tisa kati ya kumi. Silikoni inayotumika kwa namna hii haikiondoi kinywe sokoni. Inachobadilisha ni ubora unaotakiwa, kwa kuwa mteja sasa anahitaji punje zenye ukubwa unaolingana, zilizo safi na zilizopakwa kwa ustadi. Anayeuza magamba yaliyochenjuliwa tu hubaki mbali na mabadiliko hayo, na anayefika hatua ya nne anaweza kuyafuata.

Si kila gamba ni la betri

Kinywe cha Ruangwa kinafahamika kwa kuwa na magamba makubwa, na jina la mradi wa Lindi Jumbo linaakisi daraja hilo la magamba yanayozidi maikroni 300. Wengi hudhani kuwa gamba kubwa ndilo bora kwa betri, lakini sivyo. Kwa kuwa punje ya anodi ni ndogo, kusaga gamba kubwa hadi maikroni 20 ni kupoteza sifa inayolipa bei ya juu.

Magamba makubwa yana soko lake. Yakitiwa asidi na kupashwa joto, kurasa zake hufumuka na kutanuka mara nyingi, na hutumika kutengeneza vizuia moto vya majengo, vizibio vya injini na mabomba, na karatasi za kuondoa joto katika simu na kompyuta. Magamba madogo ndiyo yanayofaa zaidi kwa anodi. Mgodi mmoja hutoa yote kwa viwango tofauti, kama gunia moja la korosho linavyotoa madaraja tofauti. Hivyo, mpango mzuri wa uongezaji thamani ni ule unaopeleka kila daraja katika matumizi yake, badala ya kutazama betri peke yake.

Ipo pia tahadhari ya soko. Kinywe cha asili hushindana na kinywe cha kutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, na bei hupanda na kushuka. Miaka ya 1990 mgodi wa kinywe uliwahi kufanya kazi Merelani, kisha ukasimama. Nachingwea yenyewe ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 1947 utawala wa Uingereza ulianzisha mradi mkubwa wa karanga, ukafyeka misitu, ukajenga reli kutoka Mtwara, na kufikia mwaka 1951 ulikuwa umeachwa kwa sababu udongo, mvua na mitambo havikuwa vimechunguzwa ipasavyo. Baadaye hata reli iling'olewa. Uwekezaji unaotangulia uchunguzi ni hasara inayobaki kwa wenyeji.

Sheria inasemaje kuhusu manufaa ya Taifa

Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria zinazotambua mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya rasilimali zake, na kuifanyia marekebisho Sheria ya Madini, Sura ya 123. Chini ya sheria hiyo, Serikali inamiliki hisa zisizopungua asilimia 16, zisizofifishwa, katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa. Hisa hizo hazipungui hata mwekezaji anapoongeza mtaji.

Kwa msingi huo, Desemba 2021 Serikali ilisaini makubaliano yaliyoanzisha kampuni ya ubia ya Faru Graphite kwa mradi wa Mahenge. Tarehe 17 Aprili 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan katika Ikulu ya Chamwino, Dodoma, ilisainiwa mikataba mingine mitatu, ukiwemo wa kinywe cha Chilalo, Ruangwa, na wa kinywe cha Epanko, Mahenge. Dira ya sekta hiyo inayosimamiwa na Wizara ya Madini, yenye kaulimbiu "Madini ni Maisha na Utajiri", inaweka mkazo katika utafiti wa kina na uongezaji thamani ndani ya nchi.

Uongezaji thamani unahitaji mambo manne ambayo hayapatikani kwa tamko. La kwanza ni umeme wa uhakika, na hapa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limepanua wigo wa nchi. La pili ni maji na usimamizi madhubuti wa kemikali. La tatu ni usafiri, ambapo Bandari ya Mtwara ndiyo lango la karibu kwa mizigo ya ukanda huu. La nne ni wataalamu wa kemia, umeme, mitambo na maabara, kwa kuwa mnunuzi wa malighafi za anodi hupima kila shehena na hukataa isiyofikia kiwango.

Haki na wajibu wa mwananchi

Mwananchi ambaye ardhi yake inatwaliwa kwa ajili ya mradi anastahili fidia kamili, ya haki na ya kwa wakati chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Fidia hiyo haihusu nyumba peke yake. Inajumuisha thamani ya ardhi, mazao na maendelezo mengine, posho ya usumbufu, posho ya makazi, gharama za usafiri na hasara ya mapato. Mkorosho unaozaa ni mali inayothaminiwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe taarifa ya uthamini. Ikichelewa hutozwa riba, na ikipita miaka miwili bila malipo uthamini hufanyika upya.

Suala hili ni zito kwa familia zilizothaminiwa na kisha kusubiri. Mkulima anayeambiwa asiendeleze shamba lake hupoteza msimu, na msimu uliopotea hauonekani katika taarifa ya kampuni. Kwa hiyo mwananchi anashauriwa kushiriki mwenyewe zoezi la uthamini, kuhakiki idadi ya miti na ukubwa wa eneo kabla ya kusaini fomu, kutunza nakala, na kuandika tarehe ya kuidhinishwa kwa taarifa, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa.

Kwa upande wa mazingira, mradi wa uchimbaji unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, na maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo. Kama kiwanda cha kusafisha kinywe kitajengwa, wananchi wana haki ya kujua ni kemikali gani itatumika, itahifadhiwa wapi, na majitaka yataelekezwa wapi.

Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii kwa makubaliano na mamlaka ya serikali ya mtaa. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinatoa kipaumbele kwa bidhaa, huduma na ajira za ndani. Kipaumbele hicho humnufaisha aliyejiandaa: kikundi kilichosajiliwa, mfanyabiashara mwenye namba ya mlipakodi, kijana mwenye cheti cha ufundi.

Katika mikutano ya vijiji na mabaraza ya madiwani ya Ruangwa na Nachingwea, maswali yafuatayo yanaweza kuulizwa kwa kila mradi wa kinywe:

- Mradi utauza kinywe kikiwa katika hatua ipi kati ya zile tano, na upo mpango gani, wenye tarehe, wa kufikia hatua inayofuata?
- Magamba makubwa na madogo yatapelekwa katika masoko yapi?
- Ni wananchi wangapi wamethaminiwa, lini, na wangapi wamelipwa?
- Maji ya uchenjuaji yatatoka wapi na mabaki yatahifadhiwa vipi?
- Mpango wa mwaka wa wajibu kwa jamii umekubaliwa na nani, na unapatikana wapi kwa kusomwa?

Mwananchi mwenye swali au malalamiko anapaswa kuanza na ofisi ya kijiji au kata, kisha halmashauri ya wilaya. Masuala ya leseni hushughulikiwa na ofisi ya Afisa Madini Mkazi chini ya Tume ya Madini, masuala ya fidia hushughulikiwa na ofisi ya ardhi ya halmashauri, na masuala ya mazingira huwasilishwa NEMC.